Msiniulize Funzo

Kibanda cha M-Pesa cha shangazi yangu kiko hapa Chepseon, kando ya barabara kuu inayotoka Nakuru kwenda Kericho, na siku ambazo kazi ya kuandika imekauka mimi ndiye hukaa humo. Siku hizo ni nyingi. Juzi nilikuwa nasoma Kuli ya Adam Shafi, mara ya tatu sasa, nakala iliyokwisha jalada, dereva mmoja wa lori akaja kutoa pesa. Akaandika nambari ya kitambulisho kwenye daftari, akahesabu noti zake mara mbili, halafu akainama aone ninachosoma.

"Hiyo ni ya nini? Ya shule?"

"Hapana. Ni riwaya tu."

"Tu!" Akacheka. "Sasa inafunza nini?"

Nikamwambia haifunzi kitu. Akaniangalia kwa huruma, vile mtu humwangalia msichana mkubwa anayebeba mwanasesere, akapanda lori lake akaenda.

Dereva simlaumu. Aliuliza swali pekee ambalo nchi hii imemfundisha kuuliza kitabu. Ninaowalaumu ni wengine: wanaotunga mitihani, wanaoandika miongozo, mashirika yanayotangaza mashindano ya hadithi "zenye ujumbe kwa vijana", na nyinyi pia, wenzangu wa mjini, mnaotazama video ya dakika moja ya "mambo matano niliyojifunza kutoka kwa kitabu hiki" halafu mnajiona mmesoma. Nyote mnamuuliza mwandishi wa riwaya kile anachoulizwa muuza dawa sokoni: hii inatibu nini? Na waandishi wetu, kwa sababu wanataka kula kama watu wengine, wanajibu. Inatibu ufisadi. Inatibu ukabila. Inatibu mimba za mapema. Weka vijiko viwili asubuhi na jioni.

Ninataka kuwaambia ni nini kilinifanya niache kuliamini swali hilo.

Nilipokuwa sekondari, riwaya iliyokuwa ikitahiniwa ilikuwa Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Kama hukuisoma, inaanza na mwanamume aitwaye Ridhaa aliyesimama kwenye mabaki ya nyumba yake. Nyumba imechomwa, na familia yake imo ndani. Ni riwaya ya kile kilichofuata uchaguzi wa Desemba 2007, hata kama nchi iliyomo haiitwi Kenya. Sasa wazia kuisoma riwaya hiyo upande huu wa Kipkelion na Londiani, ambako mwanzoni mwa 2008 moshi haukuwa tamathali ya usemi. Darasa letu lilikuwa na watoto ambao wazazi wao walikimbia wakarudi. Lilikuwa na watoto ambao wazazi wao hawakuwa na sababu ya kukimbia. Mwaka ule wa moto tulikuwa na miaka sita, saba. Kila mmoja wetu alijua yeye ni wa kundi gani, na kila mmoja alijua la mwenzake, na kwa miaka kumi hatukuwa tumelitaja.

Mwalimu wetu alikuwa mtu mzuri. Nasema hivyo makusudi, kwa sababu itakuwa rahisi kumfanya yeye mbaya wa hadithi hii. Alisoma kurasa za kwanza kwa sauti na darasa likanyamaza. Si ule unyamavu wa kuchoka. Msichana niliyekaa naye dawati moja aliweka kalamu chini na kuanza kuvuta uzi wa sweta yake, anauvuta, anauvuta, mpaka mkono wa sweta ukaanza kufumuka. Nilimwona. Sikumgusa. Nikajua kwamba akigeuka akanitazama sitakuwa na uso wa kumwonyesha.

Halafu mwalimu akachukua chaki. Akaandika ubaoni: MAUDHUI. Moja, ukabila. Mbili, ukimbizi. Tatu, uongozi mbaya. Nne, nafasi ya mwanamke. Darasa zima likashusha pumzi. Nakumbuka sauti ile, madaftari yakifunguliwa, kalamu zikiamka, watu arobaini na kitu waliookolewa. Tulikuwa tumeonyeshwa mlango wa kutokea. Hatukuhitaji tena kuwa ndani ya nyumba ile pamoja na Ridhaa. Tulihitaji tu kunakili.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wote wanaosema kazi ya riwaya ni kufunza. Mimi niliona kwa macho yangu kwamba funzo ndiyo njia ya kuitoroka riwaya. "Ukabila ni mbaya": nani asiyekubali? Aliyechoma anakubali. Aliyechomewa anakubali. Mbunge anakubali kila Jumapili kanisani. Sentensi ambayo kila mtu anaikubali bila kulazimika kusogea hata hatua moja kutoka alipo ni sentensi isiyo na kazi, na sisi tumeifanya ndiyo kipimo cha fasihi. Mtihani ulipofika, karatasi ya tatu, nikaweka dondoo katika muktadha wake, alama nne, nikataja mbinu za lugha, nikajadili maudhui, alama ishirini, nikaenda nyumbani na A ya Kiswahili.

Lakini kabla ya mtihani kulikuwa na likizo fupi ya katikati ya muhula, na kwa bahati mbaya nilikuwa nimekisoma kitabu chenyewe, si mwongozo peke yake. Nilikuwa nakamua ng'ombe jioni. Mvua ilikuwa inanyesha, hii ya kwetu ambayo hushuka kila siku baada ya mchana kama mtu aliyeajiriwa, na paa la zizi linavuja kama lilivyovuja siku zote. Nikatazama juu. Mabati ya zizi letu yana matundu ya misumari mahali ambapo hakuna ubao. Yamepangika mistari miwili miwili, yamenyooka, kuonyesha kwamba kulikuwa na mbao chini yake wakati fulani, mbao za paa jingine. Nilikuwa nimeyatazama maisha yangu yote. Nilikuwa nimeyawekea mabeseni.

Nikamuuliza mama, "Haya mabati yalitoka wapi?"

Mama akasema, "Endelea kukamua."

Jirani yetu alikuwa na duka. Aliondoka Januari 2008 juu ya trela la trekta, na godoro na watoto na jiko. Kabila lake silitaji. Mnalijua au mtalibahatisha, na mkishalitaja mtaacha kumwona, mtaona kabila. Mimi ninachokumbuka ni kwamba alikuwa akitupa peremende iliyovunjika, ile isiyouzika, na kwamba aliwahi kumpiga mume wake kwa mwiko mbele ya wateja.

Sikujifunza chochote jioni ile. Nataka mnielewe vizuri hapa. Nilikuwa najua tayari kwamba kuiba ni vibaya na kuchoma nyumba ni vibaya zaidi. Ripoti ya Tume ya Waki nilikuja kuisoma baadaye, nikiwa chuo, na imeandika kwamba watu 1,133 waliuawa. Ni ripoti muhimu, na walioiandika walifanya kazi ambayo wengine waliiogopa. Lakini ripoti haikunifanya nitazame juu. Riwaya ilinikalisha saa nyingi ndani ya mtu ambaye nyumba yake imeisha, saa nyingi mno kwa mtu ambaye si ndugu yangu, na nilipotoka humo sikuweza tena kuona paa kama paa. Hiyo ndiyo kazi. Haina jina zuri na haiingii kwenye alama ishirini.

Nafahamu mtakachosema: kwamba hicho nacho ni funzo, nimelibadilisha jina tu. Sivyo. Funzo unaweza kumpa mwenzako na likabaki lilelile. Jaribu kumpa mtu mabati yangu.

Tuache 2008, kwa sababu jambo hili halihusu vita peke yake. Tuje kwenye chai.

Ninyi mnaopita huku mkielekea Kisumu hupiga picha. Ni kweli, ni pazuri, kijani kibichi mpaka upeo wa macho, vichaka vimekatwa sawasawa kama vimenyolewa na kinyozi mmoja. Kuhusu kijani hicho pameandikwa karatasi nyingi. Kuna karatasi za ukoo wa Talai, ambao serikali ya kikoloni iliwahamisha mwaka 1934 kutoka huku ikawatupa Gwassi, na ambao madai yao pamoja na ya Wakipsigis wengine waliopokonywa ardhi yamefika hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Kuna uchunguzi wa BBC wa Februari 2023, ambamo wanawake zaidi ya 70 walieleza jinsi walivyodhulumiwa kingono na wasimamizi wao kwenye mashamba makubwa ya chai. Kuna habari za Mei mwaka huohuo, mashine za kuchuma chai zilipochomwa moto na watu waliosema mashine moja inakula kazi ya mikono mingi. Kuna taarifa za mauzo, kwa sababu mashamba hayohayo yamebadilisha wenyewe tena, kutoka kwa kampuni za Uingereza hadi za Sri Lanka. Na kuna malalamiko ya wakulima wadogo kama mama yangu kwamba bonasi ya upande huu ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa.

Karatasi zote hizo, na mimi sijawahi kushika mkononi riwaya ya Kiswahili ambayo mhusika wake mkuu ni mchuma chai wa Kericho. Kama ipo, nileteeni, nitailipia nauli.

Sheria ya kuchuma ni majani mawili na kichipukizi. Ukichuma zaidi, majani yanakataliwa kwenye kituo cha kupimia. Ukichuma kidogo, unarudi nyumbani na kilo za aibu. Mama anaijua sheria hiyo kwa vidole kiasi kwamba ukimwamsha usiku wa manane vidole vitachuma hewa. Sasa sikilizeni. Mwaka 1937 Mulk Raj Anand wa India alichapisha riwaya iitwayo kwa jina la sheria hiyohiyo, Two Leaves and a Bud. Inamhusu kibarua aitwaye Gangu anayechukuliwa na familia yake hadi shamba la chai la Assam kwa ahadi za uongo. Kuna Mzungu wa shamba anayewaandama wanawake wa vibarua. Anamwandama binti wa Gangu. Gangu anauawa, na mahakama inamwachilia aliyemuua. 1937! Miaka 86 kabla ya BBC kufika Kericho na kamera zake zilizofichwa.

Niliisoma kwa simu, pidiefu ya wizi, kioo kimepasuka pembeni. Na swali la dereva linanirudia: je, riwaya ile ilizuia nini? Haikuzuia chochote. Wasimamizi wa mashamba ya chai hawakuisoma, na kama waliisoma waliandika maudhui. Nikiipima kwa kipimo cha dawa, ilishindwa kabisa. Lakini mimi, mtoto wa mchuma chai wa Kericho ambaye hajawahi kupanda ndege, namjua Gangu. Najua anavyojidanganya njiani. Najua anavyompenda mkewe. Wanawake wale zaidi ya 70 wa kwenye uchunguzi, ambao wako kilomita chache kutoka ninapoandikia haya, siwajui. Najua walichofanyiwa tu.

Hapo ndipo penye tofauti yenyewe, na ningependa watu waache kuizungukazunguka. Ripoti humfungulia mwanamke mlango siku alipoumizwa na kumfungia kwenye mapendekezo. Inabidi iwe hivyo. Mahakama haina haja ya mengine. Lakini mwanamke huyo ana wifi yake asiyemwongelesha tangu harusi. Ana deni la chama. Anapenda mieleka kwenye televisheni ya jirani na hushangilia watu wabaya. Huimba akichuma na huimba vibaya. Siku aliyoumizwa haikumkuta mhanga, ilimkuta mtu aliyekuwa katikati ya mambo yake. Nani ataandika mambo yake? Gazeti halina nafasi. Shirika lina fomu. Wakili anaambiwa ni nje ya kesi. Riwaya peke yake ndiyo yenye kurasa mia tatu za kupoteza kwa wifi na mieleka, na kupoteza huko ndiko kazi yake. Ukiiambia ifupishe, ifike kwenye ujumbe, umeigeuza ripoti nyingine, tena ripoti mbovu kwa sababu haina ushahidi.

Zola alipozikwa Paris mwaka 1902, wachimba makaa walikuja wakapita wakiimba jina la riwaya yake moja tu, Germinal, tena na tena. Wale watu hawakuwa wamejifunza kutoka kwake kwamba mgodi ni mgumu.

Na Kuli, kitabu kilichochekesha dereva, kilitoka mwaka 1979, miaka thelathini na mmoja baada ya mgomo wa makuli wa Unguja wa 1948. Mgomo wenyewe umo kwenye vitabu vya historia, aya moja au mbili. Ukiwa na haraka, soma aya. Mimi nilimfuata Rashidi bandarini nikarudi na maumivu ya mgongo.

Kama mnataka kujua nani nchini mwetu amewahi kuelewa kazi ya riwaya kuliko wahakiki wote, nitawaambia: ni serikali. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilipigwa marufuku mashuleni Tanzania. Kama ingekuwa na funzo tu, wangeliongezea funzo lao wakaisomesha. Matigari ya Ngũgĩ wa Thiong'o ilitoka kwa Kikuyu mwaka 1986 na mwaka uliofuata polisi wakazoa nakala madukani. Ngũgĩ alisimulia kwamba kabla ya hapo taarifa zilifika juu kuhusu mtu aitwaye Matigari anayezunguka akiuliza maswali ya ukweli na haki, na ikaamriwa akamatwe. Watu hucheka wakisikia kisa hicho, polisi wajinga wanatafuta mhusika wa kitabuni. Mimi sicheki. Hao ndio wasomaji waliokuwa makini. Sisi tungeandika "Matigari ni mhusika bapa" tukapewa alama mbili. Wao walijua ni mtu, na kwamba yuko nje anatembea.

Sasa nifike kwa wale wanaosema riwaya imekufa, watu hawasomi tena, zama hizi ni za video. Huu uvivu wa kufikiri huwa unasemwa na watu walio na maktaba. Hosteli niliyoishi Nairobi, msichana wa chumba cha pili alikuwa anafuatilia hadithi ya Kitanzania kwenye kikundi cha WhatsApp, sehemu ya 60 na kitu, na mwandishi alikuwa akikatiza mahali pa utamu na kudai atumiwe hela ndipo aendelee. Alikuwa anatuma. Analala njaa na anatuma. Miaka nenda miaka rudi Eric Shigongo amewafanya Watanzania wangojee gazeti kwa sababu ya hadithi ya mfululizo. Watu wanasoma. Wasichofanya ni kununua kitabu cha bei ya unga wa wiki, kwenye nchi ambayo tangu sheria ya 2013 imevitoza vitabu ushuru wa VAT wa asilimia 16. Gurnah aliposhinda Nobel mwaka 2021 pwani yote ilishangilia kama imefunga goli, na ilibidi tungoje hadi 2022 ndipo Paradise ikatoka kwa Kiswahili, Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Tafuteni nakala yake Kericho mjini mkaniambie.

Wala msiniletee ile ya kwamba riwaya ni kitu cha Wazungu, kwamba sisi ni watu wa masimulizi. Mwaka 1950 Hugh Tracey alikuja Kapkatet na mashine yake akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu Chemirocha. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyesikika huku kwenye gramafoni. Watu walisikia sauti isiyo na mwili ikitoka kwenye sanduku na hawakuuliza inafunza nini. Waliuliza ni nani huyu, ana miguu gani, na wakamtengeneza: nusu mtu, nusu swala. Mabibi zetu walikuwa na njaa ya wahusika kabla hatujaletewa mtihani.

Sasa niseme langu, kwa sababu ninawalaumu wengine kana kwamba mimi mwenyewe nina mikono safi.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo, tena hakuna kisa kirefu. Nikaanza kazi ambayo vijana wengi wa nchi hii wanaijua na hawaitaji kwa wazazi: kuwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo. Unapewa agizo usiku, unaandika hadi asubuhi, dola chache kwa ukurasa. Nimemaliza shahada mara kadhaa kwa majina ya watu wengine. Nimeandika kuhusu uuguzi, maadili ya biashara, na mara moja, huwezi kuamini, "dhima ya riwaya katika jamii ya kisasa", kurasa nane, kwa mtu aliyesahau kufuta jina lake kwenye faili. Nilimpa alichotaka. Riwaya huakisi jamii. Riwaya huelimisha, huburudisha, hukosoa. Huendeleza uelewano. Alipata alama nzuri, najua kwa sababu alirudi.

Nadhani zile ni kurasa zaidi ya elfu mbili nilizoandika kwa miaka mitatu. Hakuna aliyezisoma. Aliyezinunua hakuzisoma, mwalimu wake alizipitia akitafuta vichwa vidogo, na mimi nilizisahau kabla hela hazijaingia. Ndiyo maana ChatGPT ilipotoka mwisho wa 2022 na maagizo yakaanza kupungua, wenzangu walilia kwamba tumenyang'anywa kazi, na mimi nililia pia kwa sababu kodi ni kodi, lakini nikajua kilichotokea. Tulikuwa tunatengeneza maandishi yenye funzo na yasiyo na mtu. Mashine ikaja, ikatengeneza hayohayo kwa haraka zaidi. Ukiiomba akili mnemba maudhui ya Chozi la Heri itakupa kumi na mawili, yamepangwa, bila kuvuta uzi wowote wa sweta. Wacha iyachukue hayo. Yalikuwa yake tangu mwanzo.

Binamu yangu wa bodaboda, ambaye hunisikiliza nikilalamika hivi kila jioni, ana hoja moja tu na ni nzito kuliko zote nilizotaja. "Sasa wewe ukiandika hiyo riwaya yako, unga itashuka? Majani yatapanda bei? Si ukae tu utafute kazi ya kaunti." Nimejaribu kumjibu kwa Zola, haikusaidia. Ukweli ni kwamba yuko sahihi kuhusu unga. Riwaya haileti unga, na anayewaahidi kwamba italeta anatafuta ufadhili. Ila juni ile ya 2023, lori lilipoacha njia Londiani Junction jioni likaua watu 52, wengi wakiwa wanauza na kungoja magari kando ya barabara, ni yeye aliyenipigia simu usiku. Stendi hiyo hupitia karibu kila siku. Redio ilikuwa inataja idadi, ikipanda kila saa. Na yeye kwenye simu hakutaja idadi hata mara moja. Alikuwa ananieleza kuhusu mama fulani wa mahindi ya kuchoma, jinsi alivyokuwa anampunguzia bei akimwita mume wake wa pili, jinsi alivyokuwa anageuza mahindi kwa mkono mtupu, hakuogopa moto, na jinsi mara moja alimkimbiza kondakta hadi ndani ya matatu. Aliongea karibu saa nzima. Kredo yake mwenyewe. Hakumwambia mtu funzo la ajali ni nini. Serikali ilishalitoa, ikasema wachuuzi waondoke barabarani.

Nilipomkumbusha simu hiyo alinyamaza, halafu akasema, "Hiyo ni tofauti." Bado anangoja kuniambia tofauti yake ni ipi.

Nimeanza kuandika. Si riwaya kubwa ya chai, hiyo sina kifua chake bado, na labda ni ya mtu aliyechuma kwenye mashamba makubwa, si mtoto wa mkulima mdogo. Ninaandika kuhusu mwanamke mwenye duka, mwiko, peremende zilizovunjika, na godoro juu ya trela. Nimefika ukurasa wa 70. Ukabila haumo, kwa maana ya kwamba hakuna anayeutaja. Wamo watu wanaojuana sana. Namwandika pia mwanamke jirani yake, mwenye ng'ombe wawili, anayemwona akiondoka na kumpungia mkono, na wiki ya pili anakubali mume wake alete nyumbani kitu ambacho haulizi kimetoka wapi. Huyo ndiye mgumu. Kila nikimfanya mbaya anakuwa mbao, na kila nikimsamehe ninakuwa mwongo.

Sikuwa nimemwambia mama. Jumamosi iliyopita umeme ulipotea, tukawa jikoni tunangoja chai ichemke, na simu yangu ilikuwa na chaji, nikamsomea kurasa mbili. Sijui kwa nini. Nilimsomea pale mume anapofika usiku na mkokoteni, na mwanamke anatoka na taa, na nimeandika kwamba alihesabu mabati kumi na mawili yakishushwa, akarudi ndani bila kusema.

Mama aliipua sufuria. Akamimina chai kwenye vikombe, chake, changu, akachuja vizuri kama kawaida yake.

"Hazikuwa kumi na mbili," akasema. "Zilikuwa kumi na nne. Mbili ziko kwa choo."